Mwanga usioeleweka angani usiku: jinsi ya kuufuatilia hatua kwa hatua

Ilikuwa Januari, kaskazi imetulia, nami niko ufukweni Ushongo, kusini kidogo ya Pangani. Mwezi haukuwepo. Mbele yangu, upande wa bahari, taa mbili za manjano zilikuwa zimekaa hewani. Si juu ya maji, hewani kabisa. Zinapanda kidogo, zinashuka kidogo, moja inapotea halafu inarudi. Nilizikodolea macho karibu nusu saa, moyo ukinienda mbio, ndipo nikamsogelea mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu kwa mwanga wa simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Zile taa kule, mbona zinaelea?"

Hakuinua hata kichwa. "Karabai hizo, mwanangu. Wanavua dagaa. Wewe maji huyaoni, ndiyo maana unaona zinaelea."

Usiku wa giza bahari na mbingu hushikana, mstari wa upeo wa macho ukapotea, na taa iliyo juu ya wimbi kilomita kadhaa kutoka pwani huonekana imening'inia angani. Na wavuvi wa dagaa hutoka hasa kwenye giza, kwa sababu mbalamwezi huwaharibia kazi. Sisi watazama nyota nasi tunatoka usiku uleule kwa sababu ileile. Kwa hiyo ukikaa pwani, au kando ya Ziwa Victoria, hilo ndilo fumbo lako la kwanza, hata siku hizi ambapo taa za LED zimeanza kuchukua nafasi ya karabai.

Nilijifunza jambo jingine usiku ule. Nusu saa nzima nilikuwa najiuliza "ni nini?" wala sikuwa nimeandika hata saa. Swali la "ni nini" liweke pembeni. Uliza "inafanya nini, wapi, na saa ngapi?" Mwongozo wote huu umesimama juu ya hilo.

Kwanza, wajue wenyeji wa mbingu

Huwezi kumtambua mgeni kama hujui majirani. Kabla ya kuwinda maajabu, toka usiku kumi wa kawaida, kila mara dakika 30 au zaidi, bila kutafuta chochote. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiangalia kioo cha simu mara moja tu unaanza upya. Kurunzi ifunge karatasi au kitambaa chekundu. Mwanga mwekundu hausumbui macho sana.

Anza na Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitumia kupima misimu tangu zamani. Kisha Suheli, nyota ya kusini ambayo mabaharia waliipa upande mzima wa dunia jina lake. Halafu Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, ambayo Desemba na Januari huchomoza mashariki mapema usiku. Ikiwa chini bado, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi inayotetemeka, basi inameta nyekundu, kijani, bluu, kama taa za harusi. Watu wazima wenye akili zao wamenitumia video ya Sirius wakiapa kwamba ni chombo.

Kwenye sayari, Zuhura ndiye mkosaji mkuu. Inang'aa kupita kiasi, haimeti sana, na hukaa magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza. Haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, hivyo huku kwetu huwezi kuiona usiku wa manane. Mtu akikwambia taa nyeupe kali ilikuwa magharibi saa 1:30 jioni, Zuhura iwe mtuhumiwa wa kwanza. Akikwambia ilikuwa utosini saa 6 usiku, Zuhura haihusiki, angalia sayari ya Mshtarii (Jupiter).

Programu ya bure kama Stellarium itakuonyesha majina haya kwa tarehe na mahali ulipo. Itumie nyumbani kabla ya kutoka.

Na usalama, kwa kifupi: mwambie balozi au jirani kwamba utakuwa nje. Mtu aliyesimama peke yake uwanjani saa 5 usiku akitazama juu huonekana mchawi au mwizi, na hakuna kati ya hayo mawili linaloelezeka kirahisi kwa sungusungu. Usiende na tochi ya leza. Kumwelekezea rubani leza ni hatari kubwa na ni kosa.

Dakika ya kwanza

Umeona kitu. Usikimbilie kamera. Fanya mambo matatu.

Moja, kaza macho yako kwenye alama. Sogea mpaka ule mwanga ukae kwenye ncha ya mnazi, nguzo ya umeme au pembe ya paa, kisha egemea ukuta utulie. Nukta moja ya mwanga ikitazamwa peke yake gizani huonekana inatembea hata kama imesimama tuli. Kosa liko kwenye jicho na ubongo, na humpata kila mtu. Nimeona kundi la watu sita wakikubaliana kwamba nyota "inaruka kushoto na kulia". Tulipoiweka kwenye waya wa nguo haikutoka hata unywele.

Pili, saa. Iandike kamili, na hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Ukiandika "saa 2" halafu baadaye ukaiingiza kwenye programu kama 2:00, umehama saa sita. Mimi naandika zote mbili: saa 2:14 usiku, 20:14. Tovuti za setilaiti na vimondo nyingi hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo hiyo ni 17:14 UTC.

Tatu, pima kwa mkono. Nyoosha mkono mbele kabisa: ngumi ni nyuzi 10 hivi, kidole cha mwisho ni nyuzi 1, na shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni nyuzi 20 au zaidi kidogo. Hesabu ngumi ngapi kutoka upeo wa macho hadi kwenye mwanga, na uelekeo wake kwa dira. Usiandike "ilikuwa kubwa kama gari" wala "mita mia tatu juu". Usiku, bila kujua ukubwa huwezi kujua umbali, na bila umbali huwezi kujua ukubwa. Mtu anayekwambia vyote viwili anakisia.

Mwanga umesimama au unatembea?

Mwanga ukisimama, upe dakika kumi kwenye ile ncha ya mnazi. Nyota na sayari zinasogea kwenda magharibi nyuzi 15 kwa saa, yaani ngumi moja na nusu, hivyo baada ya dakika kumi utaona mwanga umehama kwa upana wa vidole viwili hivi. Ukihama sawasawa na nyota za jirani, ni nyota au sayari, na kazi imeisha.

Usipohama kabisa? Mara nyingi ni kitu cha ardhini: taa ya mnara wa simu kilimani, meli nangani, nyumba upande wa pili wa ghuba. Au ni ndege inayokuja moja kwa moja kwako na taa za kutua zimewashwa. Hiyo inaweza kuonekana imesimama dakika kadhaa, inazidi kuwaka, kisha ghafla "inapasuka" na kuwa taa nyingi. Angalia rangi. Bawa la kushoto la ndege lina taa nyekundu, la kulia kijani. Ikikujia uso kwa uso, nyekundu itakuwa kulia kwako na kijani kushoto. Wala usidanganywe na ukimya: ndege ikiwa kilomita 10 juu, sauti yake huchukua nusu dakika kukufikia, na inakuja kutoka pale ilipokuwa, si ilipo sasa. Flightradar24, ramani ya mtandaoni inayoonyesha ndege zilizo angani, hukata mashauri mengi ya aina hii papo hapo.

Kuna kisimamo kimoja ambacho watu wa ikweta tunakipata kuliko wengine. Setilaiti za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta na zinazunguka kwa kasi ya dunia yenyewe, kwa hiyo hazihami juu ya mnazi wako. Madishi ya Ulaya yamelala yakitazama chini kusini. Ya kwetu yameinua uso, kwa sababu mkanda wa setilaiti hizo unapita karibu na utosi. Kwa kawaida hazionekani kwa macho. Lakini katika majuma yanayozunguka Machi na Septemba, jua linapoelekeana vizuri na vioo vyake, moja inaweza kuwaka pole pole, ikang'aa dakika moja mbili, ikafa. Nyota mahali ambapo hakuna nyota. Mara ya kwanza kuiona nilisahau kupumua.

Mwanga ukitembea, hesabu sekunde kwa sauti. Kimondo kinakata shubiri nzima kwa chini ya sekunde moja na mara nyingi kimekwisha kabla hujasema "tazama". Bibi yangu alitufundisha kwamba ni kombora analorushiwa shetani anayesikiliza mambo ya mbinguni. Hadi leo nikiona kimoja mdomo unasoma kabla akili haijapima. Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita utosini hukata shubiri kwa sekunde 20 hivi, kikiwa mwanga mweupe mkali usiopepesa, na safari yake mbinguni huchukua kama dakika sita. Kwetu kinatoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, au kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Hakiendi moja kwa moja kutoka mashariki kwenda magharibi, wala hakipindi kona. Tovuti ya Heavens-Above itakupa saa ya kila mpito mahali ulipo.

Mstari wa taa nyingi zinazofuatana kama siafu ni setilaiti za intaneti za Starlink siku chache baada ya kurushwa. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019 na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Baada ya siku kadhaa zinapanda na kutawanyika, treni inakatika. Mwanga unaopepesa bila mpangilio huku ukienda mbele, mara unawaka mara unazima kila sekunde chache, mara nyingi ni kipande cha roketi kinachojipindua. Wa rangi ya chungwa, unaokwenda pole na upepo kisha kuzimika, ni taa ya karatasi kutoka kwenye sherehe ya hoteli fulani. Lamba kidole, sikia upepo unaelekea wapi.

Saa ya kivuli

Kama utakumbuka kitu kimoja tu hapa, kumbuka hiki. Setilaiti haina taa yake ya kuangaza. Tunaiona kwa sababu sisi tumeshaingia gizani lakini yenyewe, huko juu, bado inapigwa na jua. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia inafifia pale pale katikati ya anga, kama mtu amepunguza utambi.

Huku kwetu jua huzama wima, si kwa mshazari kama Ulaya, hivyo kivuli hupanda haraka. Kwa kitu kilicho kilomita 400 hivi, kama Kituo cha Anga, kivuli hufika utosini kama saa moja na dakika 20 baada ya magharibi. Kwa kilomita 550 ni saa moja na nusu. Upande wa magharibi, chini karibu na upeo, utaendelea kuona setilaiti mpaka karibu saa tatu baada ya jua kuzama. Mashariki zimekwisha mapema. Alfajiri mambo yanageuka: zinaanza mashariki.

Maana yake, mwanga unaotembea utosini saa 1:30 jioni unaelezeka kirahisi. Mwanga huohuo saa 6 usiku si setilaiti ya chini. Ni ndege, droni, popo aliyemulikwa na taa za barabarani, au ni kitu cha kukaa chini na kukiandika vizuri.

Mng'ao wa sekunde kadhaa unaojirudia sehemu ileile magharibi, chini, saa mbili tatu baada ya jua kuzama, nao umekuwa ukiwachanganya hata marubani. Mara nyingi ni Starlink moja baada ya nyingine zikipita pale jua linapoakisi.

Makubwa ya nadra

Kitu kinapovunjika vipande vinavyofuatana, kila kimoja na mkia wake, kikivuka mbingu kwa nusu dakika au zaidi, hicho si kimondo cha kawaida. Kinakwenda polepole mno. Ni chombo cha angani kinarudi na kuungua. Septemba 14, 1994 watu wa Zimbabwe na nchi jirani waliona onyesho la namna hiyo na taarifa za vyombo visivyojulikana zikafurika. Lilikuwa roketi ya Kirusi iliyokuwa imepeleka setilaiti ya Cosmos 2290. Na vingine hufika chini. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Ukikuta kitu cha hivyo usikiguse wala usikipeleke kwa muuza chuma chakavu. Toa taarifa.

Mzunguko mkubwa wa mwanga kama konokono, unaotanuka na kufifia, ni roketi inayomwaga mafuta huku inazunguka. Norway waliona wao Desemba 2009, likiwa kombora la Kirusi lililoharibika. New Zealand Juni 2022, baada ya roketi ya Falcon 9.

Sisi nasi hatuko mbali na mambo haya kama tunavyodhani. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa wanarusha roketi tangu miaka ya 1960, na Desemba 12, 1970 ilipaa hapo setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru.

Simu, na uongo wake

Video nyingi za "duara linalopumua" ni nyota iliyovutwa mpaka mwisho wa zumu. Kamera ikikosa kulenga, nukta inageuka sahani yenye mawimbi ndani. Usivute. Weka simu kwenye stendi au juu ya tofali, hali ya usiku, sekunde 10 au zaidi, na ndani ya picha uache kitu cha ardhini: mnazi uleule. Picha ya mwanga mweupe kwenye weusi mtupu haina thamani kwa yeyote.

Kama kuna taa ya barabarani kwenye fremu, tikisa simu kidogo. Doa likienda upande wa pili wa taa, ni mwangwi wa kioo cha lenzi tu.

Tafuta wa pili

Jicho moja halipimi umbali, lakini watu wawili wanaweza. Rafiki yangu yuko Wete, Pemba, mimi Tanga. Kati yetu ni kilomita 70 hivi za maji. Mwanga ukiwa utosini kwangu, nampigia simu. Kama ni ndege iliyo kilomita 10 juu, yeye anaiona ngumi moja tu juu ya upeo wake wa magharibi. Kama ni setilaiti ya kilomita 400, kwake nayo iko karibu na utosi, imesogea ngumi moja tu. Na kama haoni kitu kabisa na mbingu yake ni safi, basi ni taa ya karatasi, droni au jirani yangu. Simu ya dakika mbili imeshatuamulia ugomvi mwingi.

Kimondo kikubwa kilichomulika ardhi kipeleke kwenye fomu ya International Meteor Organization mtandaoni. Wakipata taarifa za sehemu mbalimbali wanaweza kuchora njia yake.

Daftari

Kila tukio mistari mitano: tarehe, saa mbili zote, uelekeo na ngumi, tabia yake kwa sekunde, hali ya hewa na nani mwingine aliona. Andika kabla ya kuongea na mtu yeyote, maana ukishasimulia mara mbili kumbukumbu huanza kujipamba. Majibu yaandike kwa wino wa rangi nyingine siku inayofuata, ukishapitia Stellarium, Heavens-Above na ramani ya ndege.

Usione aibu ukibaki na yasiyojibika. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 mpaka lilipofunga mradi wake mwaka 1969, na 701 zikabaki bila jibu. Kutojibika si ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine. Mara nyingi ni upungufu wa maelezo. Ila siyo mara zote maelezo yanapungua. Kwenye daftari langu kuna hili, la Novemba 14:

"Saa 3:52 usiku, 21:52. Kusini-mashariki, ngumi mbili na nusu juu ya bahari. Suheli iko chini yake, ngumi moja. Mwanga mweupe, uliwaka sekunde 4, ukazima taratibu. Saa 3:58 tena, palepale, sekunde 4. Saa 4:04 tena. Mnazi wa kona: haukuhama. Hakuna wingu. Setilaiti za chini zote zimo kivulini saa hii, mkanda wa zile za juu haupiti upande huu. Ramani ya ndege: tupu. Wete: mvua."

Chini yake nimeacha mistari miwili mitupu kwa wino wa kijani.